Daftari jipya, miezi minane, bila doa

Swali, nimelifupisha kidogo: "Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa nachora sana nikiwa shule, baadaye nikaacha. Nilinunua daftari zuri la karatasi nene, rangi za maji, rangi za akriliki, kalamu za rangi na brashi za kila aina ili nianze shajara ya sanaa. Huu ni mwezi wa nane, daftari halina hata doa. Nyumba yetu ni ndogo, meza ni moja na ni ya wote. Nikishawalaza watoto sina nguvu ya kutandaza vitu vyote hivyo. Nilijaribu kwenye daftari la zamani, kurasa zikajikunja na nyingine zikagandana. Na hata nikikaa, sioni cha kuchora; siku zangu zinafanana. Je, nisubiri nipate chumba, au nikubali kwamba kipaji kilishaondoka? Na mwanangu wa miaka minne anataka kila ninachoshika, nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonisimamisha ni neno ulilolipita mbiombio: kutandaza. Hebu tuhesabu. Watoto wamelala. Unafuta meza. Unashusha boksi juu ya kabati. Unatafuta kopo la maji, unatafuta kitambaa, unachagua brashi moja kati ya kumi na mbili ambazo hujui zinatofautianaje, unafungua rangi, unakumbuka penseli imebaki chumbani. Dakika 20 zimekwenda na karatasi hujaigusa. Na muda wote huo unajua kwamba vyote vitatakiwa kurudi juu ya kabati kabla hujalala, maana asubuhi meza ina wenyewe. Nimefundisha watu wazima kuchora kwa miaka mingi na ndiyo kazi inayonilisha, lakini kwa utaratibu huo hata mimi nisingechora mara mbili kwa mwezi.

Kipaji kiache kwanza. Mkono ulioacha kuchora huwa mzito kwa wiki mbili tatu, kama mguu uliotoka kufunguliwa hogo, kisha unazoea. Kinachokuangusha ni gharama ya kuanza, na hiyo inapunguzika kesho asubuhi.

Kwangu mimi studio ya nyumbani ni mahali popote ambapo kazi inaweza kuachwa nusu na ukaikuta nusu vilevile. Basi. Chumba kinakupa hilo, ndiyo, lakini hata sinia linakupa. Giorgio Morandi, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1964, alifanya kazi sehemu kubwa ya maisha yake katika chumba kilekile alicholala, kwenye nyumba aliyoishi na dada zake huko Bologna. Kitanda upande mmoja, chupa zake upande wa pili. Hakuwa na nafasi kubwa kuliko watu wengi. Alichokuwa nacho ni kwamba hakuna aliyezisogeza zile chupa. Vumbi lilikaa juu yake na yeye akalichora pamoja nazo.

Kwa hiyo tafuta sinia pana lenye ukingo, au ubao wowote mwepesi unaotosha daftari lililofunguliwa na kiganja kimoja kila upande. Lipatie mahali pa kulala usiku na mchana: juu ya friji, chini ya kitanda, juu ya mashine ya kufulia. Juu yake weka daftari, limefunguliwa, limebanwa kwa klipu mbili. Weka penseli moja ya 2B, kalamu moja nyeusi ambayo wino wake ukikauka hauyeyuki kwa maji, kisanduku kidogo cha rangi za maji, brashi moja ya duara namba 8 yenye ncha nzuri, kopo la maji lenye kifuniko, na kipande cha fulana kuukuu. Brashi ya namba 8 ukiilowesha vizuri inajaza anga lote la ukurasa, na kwa ncha yake unachora unywele. Zile nyingine kumi na moja ziache kwenye boksi, na boksi ulifunge kwa selotepu hadi mwezi uishe. Najua inauma, ulizinunua kwa pesa yako. Lakini wingi wa vifaa ni maswali, na saa tatu usiku hakuna anayetaka kuulizwa maswali.

Rangi za akriliki zibaki kwenye boksi pia, na hapa nieleze, kwa sababu ndizo zilizokugandishia kurasa.

Akriliki ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea ndani ya maji pamoja na unga wa rangi. Maji yakiruka, chembe zinashikana na kuwa utando mmoja. Utando huo ukiugusa ni mkavu, lakini hauwi mgumu kama kioo. Unabaki na ulaini fulani, na joto linauongeza. Ukifunga daftari, utando wa ukurasa wa kushoto unalalia utando wa kulia, uzito unakandamiza, na baada ya siku kadhaa zinakuwa kitu kimoja. Nilijifunza hili kwa machungu. Nilimchora mama yangu ukurasa wa kulia, upande wa pili nikapaka buluu nzito, nikafunga daftari nikalitia chini ya rundo la vitabu msimu wa joto. Nilipolifungua lilitoa sauti kama plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Nusu ya paji la uso la mama ilikuwa imehamia kwenye buluu. Bado ninalo daftari hilo, na kusema kweli ukurasa ule wa buluu sasa ndio naupenda zaidi, lakini siku ile nilikaribia kulia.

Siku utakayorudi kwenye akriliki, paka upande mmoja tu wa karatasi, acha siku nzima ikauke, na kati ya kurasa weka karatasi ya kuokea, ile inayoteleza. Hizo zilizokwisha kugandana, usizivute zikiwa na joto. Akriliki kwenye baridi kali inakakamaa: liweke daftari ndani ya mfuko uliofungwa, litie kwenye friza kwa saa moja, halafu jaribu kuzitenganisha polepole kwa kisu chembamba kisicho na makali, ukianzia pembeni. Nyingine zitaachia, nyingine zitachanika.

Kujikunja ni jambo jingine kabisa. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizolazwa, na nyuzi zikinywa maji zinanenepa. Upande uliolowa unatanuka, ule mkavu unakataa, karatasi inapinda. Karatasi ya kuchapia ya kawaida ina gramu 80 kwa mita ya mraba na haivumilii rangi ya maji hata kidogo. Kuanzia gramu 160 unaweza kupaka rangi nyepesi. Ukitaka kumwaga maji bila wasiwasi, tafuta 300. Kurasa zilizojipinda tayari zinatibika: lowesha mgongo wa ukurasa kidogo sana kwa kitambaa, uweke kati ya karatasi mbili safi, pandisha vitabu vizito juu yake, ulale. Asubuhi umenyooka, au karibu.

Sasa lile daftari zuri. Ninashuku limechangia. Daftari la kurasa mia moja lenye jalada la kitambaa linadai kazi inayolistahili, na wewe bado huna kazi hiyo. Hakuna anayekuwa nayo siku ya kwanza. Liweke kando kwa muda, tutalirudia. Shona dogo lako mwenyewe. Ni kazi ya nusu saa, na kwa watu wengi niliowafundisha ndiyo iliyowarudishia mikono yao kabla hata ya kuchora.

Chukua karatasi nne za A4 za gramu 160. Kunja kila moja katikati, na mkunjo uusugue kwa mgongo wa kijiko hadi uwe mkali. Zipachike moja ndani ya nyingine: una kurasa 16 za A5. Kwenye mkunjo, kwa ndani, weka alama tatu, moja katikati na nyingine mbili sentimita 3 kutoka kila ncha, kisha zitoboe kwa sindano nene au msharasi. Kata uzi wa nusu mita. Ingiza sindano kwa ndani kwenye tundu la katikati, itokee mgongoni. Panda juu, ingia tundu la juu. Sasa uko ndani. Ruka tundu la katikati, nenda moja kwa moja hadi la chini, utokee mgongoni. Rudi tundu la katikati, uingie. Ncha mbili za uzi zinakutana ndani. Hakikisha ule uzi mrefu umepita kati yake, uzifunge fundo juu yake. Vuta uzi kufuata mkunjo, usiuvute kwako, la sivyo karatasi inachanika tunduni. Ukitaka jalada, kata bahasha ya kaki.

Daftari hilo lina faida moja ambayo lile la dukani halina: linaisha. Baada ya wiki mbili hivi unashika mkononi kitu ulichokimaliza, na unashona kingine.

Unasema siku zako zinafanana. Hapo mimi na wewe hatukubaliani. Morandi alichora chupa zilezile kwa miongo ya miaka na hakuzimaliza. Unachokosa ni njia ya kuingilia. Kesho usiku chukua bunda la funguo zako, liweke kwenye sinia. Weka ncha ya kalamu kwenye karatasi, macho yaweke kwenye funguo, na kwa dakika mbili chora ukingo wake bila kutazama karatasi hata mara moja. Jicho litembee polepole kama mchwa ukutani, na kalamu iende mwendo uleule. Jicho likiingia kwenye jino la ufunguo, kalamu iingie; likitoka, itoke. Ukitazama matokeo utacheka. Pete itakuwa imeachana na funguo, ufunguo mmoja utakuwa umepanda juu ya mwingine. Lakini angalia yale meno: ni ya ufunguo huo hasa, si ya ufunguo wowote. Ukichora huku unatazama karatasi, mara nyingi unachora ufunguo unaoujua tangu utoto, ule wa kwenye vitabu vya shule. Ukichora bila kutazama, unachora ulio mbele yako.

Halafu, pembeni, andika. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya zoezi hili akagundua kwamba katika bunda lake kulikuwa na kifunguo kidogo kisichofungua kitu chochote. Alikuwa anatembea nacho miaka, kimechakaa, na hakukumbuka kilitoka wapi. Akaandika hivyo tu: "Hiki hakifungui chochote." Siku tatu baadaye akaongeza kwa penseli: sanduku la marehemu baba. Ukurasa huo una mchoro uliopinda na mistari miwili ya maandishi, na sidhani kama ningeweza kumfundisha kitu bora zaidi. Ndiyo maana inaitwa shajara: picha na maneno vinashikana mikono, na kimoja kikichoka kingine kinabeba.

Kwa usiku ambao hata funguo ni nyingi, chora mraba wa sentimita 3 na uujaze rangi moja uliyoiona siku hiyo. Ukuta wa ofisi. Maji ya kudekia. Usitumie rangi kama ilivyo kisandukuni, ichanganye. Jaribu kuchanganya buluu ya ultramarini na kahawia ya siena iliyochomwa. Buluu ikizidi unapata kijivu cha mawingu ya mvua; kahawia ikizidi unapata kijivu cha saruji kuukuu; zikilingana na maji yakiwa machache, karibu nyeusi, na ni nyeusi yenye uhai kuliko ile ya kisandukuni. Jaza mraba mmoja kila siku kwa mwezi, uandike tarehe chini yake. Mtu anayeniambia siku zake ni za kijivu namwomba anionyeshe kijivu kipi.

Kubandika nako kunahesabika, usije ukadhani ni mchezo wa watoto. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na baada yake hakuweza kusimama mbele ya turubai kama zamani. Wasaidizi wake walimpakia karatasi rangi, yeye akazikata kwa mkasi akiwa kwenye kiti au kitandani, na kazi hizo leo ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Wewe tumia unachonacho: ndani ya bahasha za benki kuna michoro midogo ya kuficha maandishi, mizuri ajabu, kuna tiketi, lebo za nguo, risiti. Gundi ipake nyembamba, kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha sugua kwa kitambaa. Ukibandika gazeti ujue litageuka manjano na kukatika, kwa sababu karatasi yake bado ina lignini, kile kitu kinachokakamaza mti. Mimi hubandika hivyohivyo. Na risiti nyingi huchapwa kwa joto, hazina wino, kwa hiyo maandishi yake hufifia yakaisha. Ukiipenda namba iliyo kwenye risiti, iandike tena kwa kalamu yako.

Kuhusu kama haya yote "ni sanaa", sina subira sana na swali hilo. Madaftari ya Leonardo da Vinci yana michoro ya misuli na mitambo, na humohumo kuna orodha za manunuzi na hesabu za nyumbani. Changanya.

Mwanga. Mchana kaa karibu na dirisha, na kama unatumia mkono wa kulia mwanga utoke kushoto, ili kivuli cha mkono kisifunike ncha ya kalamu. Usiku tatizo ni taa ya njano. Chini yake rangi ya njano iliyopauka haionekani vizuri juu ya karatasi nyeupe, unaongeza, unaongeza tena, na asubuhi unakuta picha ina homa ya manjano. Taa ya mezani yenye balbu nyeupe ya kati, iliyoandikwa 5000K au karibu na hapo, inatosha. Kama boksi la balbu limeandikwa CRI, yaani kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, chukua ya 90 au zaidi.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote, na linakwenda kinyume na tulivyolelewa. Usimalize. Jipe dakika 15, na zikiisha acha, hata kama mkono umepata moto. Hasa kama umepata moto. Acha kona moja ya picha bila rangi, na ndani yake andika kwa penseli kile kinachofuata: "hapa kijani, chepesi". Unapolipandisha sinia juu ya friji, kazi inabaki wazi kichwani mwako. Kesho utakapolishusha hutaanza kwa kujiuliza nichore nini; utaanza kwa kuchanganya kijani. Ukifika kwenye kijani, mkono umeshaamka, na unaweza kufungua ukurasa mwingine. Wanaomaliza ukurasa kila usiku wanakutana na ukurasa mtupu kila usiku, na ukurasa mtupu saa tatu usiku unashinda watu wenye nguvu kuliko mimi na wewe.

Kuna usiku hutaweza. Andika tarehe, osha brashi, ulale. Zikipita siku nne bila kitu, usizifidie. Endelea na ya leo. Na kwa mwezi wa kwanza usipige picha kurasa zako kumwonyesha mtu yeyote, hata rafiki anayekupenda. Akisifia funguo, kesho utachora funguo nyingine kwa ajili yake. J. M. W. Turner, mchoraji wa Uingereza, alipofariki mwaka 1851 aliacha karibu madaftari 300 ya michoro, na sehemu kubwa ya yaliyomo hakuyakusudia kwa macho ya mtu. Ukiandika jambo usilotaka lisomwe, lipakie rangi nzito juu. Wewe utajua lipo.

Namalizia na mwanao. Kwanza usalama: kisu cha kukatia na akriliki vikae anakoshindwa kufika, na kopo la maji ya brashi lisifanane na kikombe chochote cha nyumbani. Kila mchoraji ninayemjua ameshawahi kunywa maji ya brashi. Baadhi ya rangi, hasa zenye kadimi au kobalti, ni sumu, kwa hiyo usilambe brashi hata wewe, na ukimnunulia yeye rangi nunua zilizoandikwa kuwa ni za watoto. Mpe sinia lake, dogo, lenye krayoni na karatasi za kwake. Atalipenda kwa siku tatu, kisha atataka lako, kwa sababu lako ndilo mama analolikalia kimya.

Siku hiyo toa lile daftari zuri la miezi minane, fungua ukurasa wa kwanza kabisa, na umpe yeye. Mwache aburure krayoni nyekundu kutoka ukingo hadi ukingo, aitoboe karatasi akitaka. Andika tarehe na umri wake pembeni. Ukurasa wa pili ni wako.